Namna ya Kumpima Chipukizi wa Sekondari Anayejiunga na Timu Yako ya Kikapu ya Chuo Marekani: Mwongozo Kamili

Kila mwaka mambo ni yaleyale. Chuo kinatangaza chipukizi wake wapya, mashabiki wanatazama video ya dakika tatu, wanahesabu nyota alizopewa na wachambuzi wa vijana, kisha wanampangia kijana wa miaka 18 pointi 15 kwa mechi. Ikifika Januari kijana anasugua benchi na matusi yameanza. Wengine wanakosea upande wa pili: wanampuuza mwenye nyota tatu, na baada ya misimu miwili ndiye anayebeba timu.

Kosa linaanzia kwenye swali. Ukiuliza "Je, huyu ni mkali?" hupati jibu la kukusaidia, kwa sababu karibu kila anayesajiliwa na chuo cha Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, alikuwa mkali kuliko wote shuleni kwake. Uliza hivi: atapata dakika ngapi, kwa kazi ipi, mbele ya wapinzani wa aina gani? Hatua zifuatazo zinalijibu swali hilo. Nimezipanga kwa mchezo wa wanaume. Kwa wanawake zinafaa vilevile, ila wao vyuoni hucheza robo nne za dakika 10 badala ya vipindi viwili vya dakika 20.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Orodha ya kikosi cha msimu uliopita na cha msimu ujao. Zote zipo kwenye tovuti ya michezo ya chuo chenyewe.
- Wastani wa dakika za kila mchezaji. Sports Reference na tovuti ya Bart Torvik zinazo, na hulipi kitu.
- Vyanzo viwili au zaidi vya kupanga chipukizi kwa ubora: 247Sports, Rivals, ESPN. Kimoja hakitoshi, na sababu utaiona hatua ya pili.
- Mechi tatu kamili za kijana mwenyewe. Nyingi zipo YouTube, na za shule nyingine zinaonyeshwa na NFHS Network kwa malipo ya mwezi.
- Daftari na kalamu, au jedwali kwenye simu.

Walioko Afrika Mashariki wasiwe na wasiwasi wa muda. Mechi ya chuo inayoanza saa moja jioni New York wakati wa baridi huanguka saa tisa usiku kwetu, lakini kazi hii yote inafanyika kwa marudio. Itawanye kwenye jioni kadhaa. Ukiikimbiza usiku mmoja, utaruka hatua ya nne, na hiyo ndiyo yenye uzito kuliko zote.

## Hatua ya 1: Hesabu dakika zilizo wazi

Usimtazame kijana kwanza. Tazama kikosi anachokwenda.

Mechi ni dakika 40 na uwanjani wanaingia watano, kwa hiyo timu ina dakika 200 za kugawa. Andika kila aliyecheza msimu uliopita na wastani wa dakika zake. Futa waliomaliza masomo, waliokwenda NBA na waliohama. Kisha ongeza waliohamia kutoka vyuo vingine.

Tuseme waliobaki wana jumla ya dakika 110. Wamekuja wahamiaji watatu ambao huko walikotoka kila mmoja alicheza dakika 30. Wape 25 kila mmoja, yaani 75. Zimebaki dakika 15, na chipukizi wapo watatu. Hapo hata kijana mwenye nyota nne atapata dakika saba au nane, na hilo halitakuwa kosa lake wala la kocha.

Kwa nini hatua hii inatangulia. Sheria za uhamisho zililegezwa mwaka 2021, na mwaka 2024 mchezaji akaruhusiwa kuhama zaidi ya mara moja bila kukaa nje msimu mzima, ilimradi masomo yake yako sawa. Tangu hapo kocha anayetaka kushinda leo hamsubiri mtoto akue. Anamchukua mtu wa miaka 22 aliyekwisha kucheza mechi mia moja. Tazama Florida waliotwaa ubingwa wa taifa mwaka 2025. Magadi (wachezaji wa nyuma wanaoongoza mpira) wao watatu wakuu wote walitoka vyuo vingine: Walter Clayton Jr. alitoka Iona, Alijah Martin alitoka Florida Atlantic, Will Richard alitoka Belmont. Ukipima chipukizi bila kuhesabu wahamiaji, unapima nusu ya mambo.

Baada ya jumla, gawa kwa nafasi. Kwa makadirio, dakika 40 ni za pointi gadi (gadi anayepanga mashambulizi), 80 za wanaocheza pembeni na 80 za warefu wa ndani. Senta, yaani mrefu wa karibu na kikapu, akiwa na dakika 30 wazi mbele yake, hali yake haifanani hata kidogo na ya gadi aliyekuta magadi wanne.

Onyo. Usifunge hesabu mwezi wa Aprili. Kikosi huendelea kubadilika hadi katikati ya kiangazi. Pia, tangu 2025 vyuo vilivyojiunga na mpango mpya wa kugawana mapato na wachezaji vinaruhusiwa kuwa na wachezaji 15 wa kikapu cha wanaume, wote wakiwa na ufadhili kamili wa masomo, badala ya ufadhili 13 wa zamani. Majina yameongezeka, dakika hazijaongezeka. Makocha wengi bado wanazungusha watu wanane au tisa.

Utajua umefanikiwa ukiwa na namba moja ya nafasi anayocheza kijana: dakika kadhaa, watu kadhaa wanaozigombania.

## Hatua ya 2: Zisome nyota kwa kujua zinavyotolewa

Kwa kawaida nyota tano huwafikia vijana kama 25 hadi 30 nchi nzima kwa mwaka. Nyota nne hushuka hadi kama wa 120 au 150, kutegemea chanzo. Maana yake, wa 28 na wa 35 karibu wako sawa ingawa mmoja ana nyota ya ziada, ilhali wa tatu na wa 25 wanaweza kuwa mbali sana huku wote wakiitwa "nyota tano". Soma nafasi yake kwenye orodha. Nyota ni rangi tu ya kupaka.

Fanya mambo matatu hapa.

Kwanza, linganisha vyanzo. Mmoja akimweka wa 40 na mwingine wa 110, waliomtazama hawakubaliani, na kutokubaliana huko ni habari nzuri kwako. Mara nyingi ugomvi unakuwa juu ya kitu kimoja: urefu wake, mtupo wake, au kama ana kasi ya kutosha kukaba. Kiandike hicho kitu, kisha ukitafute kwenye mechi.

Pili, tazama mwendo wake. Aliyepanda kutoka wa 120 hadi wa 45 kati ya Julai na Aprili huenda ameongezeka kimo au ametengeneza mtupo. Aliyeshuka taratibu kwa miaka miwili mara nyingi ni yule aliyekomaa mwili mapema, na sasa wenzake wanamfikia.

Tatu, tazama vyuo vilivyomtaka hadi mwisho. Nasema hadi mwisho, kwa sababu ofa aliyopewa akiwa na miaka 15 inaweza kuwa imekwisha kufa kimyakimya. Angalia alialikwa rasmi kutembelea vyuo gani katika mwaka wake wa mwisho. Kocha anayelipwa kwa kushinda hapotezi wikiendi kwa mtu asiyemhitaji.

Onyo. Nyota zinabashiri vizuri kundi kubwa na vibaya mtu mmoja mmoja. Ja Morant alikwenda Murray State bila kelele za kitaifa, na mwaka 2019 akachaguliwa wa pili NBA. Zach Edey aliingia Purdue mwaka 2020 akiwa nje ya 400 bora, kisha akawa mchezaji bora wa taifa mara mbili mfululizo, 2023 na 2024. Upande mwingine yupo Skal Labissière, aliyekuwa kileleni mwa orodha ya darasa la 2015, yaani waliomaliza sekondari mwaka huo. Alifika Kentucky na wastani wake haukufika pointi saba. Alikuwa mrefu mwenye mikono laini, lakini mwembamba, na watu wazima walimsukuma mbali na kikapu. Kasoro kama hiyo inaonekana kwenye mechi kamili. Kwenye orodha huwezi kuiona.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuandika sentensi kama hii: "Yuko kati ya wa 50 na wa 70, anapanda, na wanaomtilia shaka wanataja mtupo wake."

## Hatua ya 3: Mwili, umri, na miaka aliyocheza

Urefu unaotangazwa na shule mara nyingi umepimwa na viatu, na wakati mwingine kwa ukarimu. Futi 6 na inchi 6 ni sentimita 198, lakini punguza mbili au tatu kichwani mwako. Ukipata kipimo cha mikono iliyonyooshwa, kipe uzito kuliko kimo. Gadi wa sentimita 190 mwenye mikono ya sentimita 205 anakaba watu ambao mwenzake wa sentimita 195 mwenye mikono mifupi hawawezi.

Tafuta tarehe ya kuzaliwa. Vijana wawili wa darasa moja wanaweza kupishana mwaka mzima na zaidi, na mwaka mmoja katika umri wa miaka 17 ni kilo kadhaa za misuli. Wapo pia wanaoruka darasa ili wawahi chuo. Cooper Flagg alihama kutoka darasa la 2025 kwenda la 2024, akaanza msimu Duke akiwa na miaka 17, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kwanza NBA. Usimfanye yeye kipimo. Wengi wanaoruka darasa hulipa gharama yake msimu wa kwanza: akili ipo, mabega bado.

Kitu cha tatu ndicho mashabiki wengi hawakiulizi: ameucheza mchezo huu miaka mingapi? Hapa sisi tuna mfano wetu. Hasheem Thabeet alianza kikapu Dar es Salaam akiwa na miaka kama 15, akapita shule ya sekondari Houston, akaingia Connecticut mwaka 2006 akiwa na zaidi ya sentimita 215. Aliyemdai pointi msimu ule wa kwanza alikata tamaa bure. Mashambulizi yake yalikuwa bado machanga, lakini tangu siku za mwanzo alikuwa anazuia mitupo kwa wingi. Kazi hiyo moja ilimpa dakika, na dakika zikamfundisha mengine. Msimu wa tatu alikuwa na wastani wa zaidi ya pointi 13, ribaundi (kudaka mpira uliokosa kikapu) 10 na bloku (kuzuia mtupo) nne, akagawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya vyuo ya Big East, na NBA ikamchukua wa pili mwaka 2009.

Khaman Maluach alipita njia inayofanana. Ni mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, akapitia NBA Academy Africa kule Senegal na kuchezea taifa lake Olimpiki ya Paris 2024 kabla ya kutua Duke. Kocha alimpa kazi nyembamba iliyoeleweka: weka skrini (simama umzibe beki anayemkaba mwenzako), kimbilia kikapu, linda kikapu. Hakuombwa aumbe mtupo wake mwenyewe. Mwaka uliofuata alichaguliwa wa 10.

Utajua umefanikiwa ukiweza kusema kama kijana wako ana mwili wa kuanza sasa, wa kuanza baada ya mwaka mmoja wa mazoezi ya uzito, au kama ujuzi ndio unaosubiriwa na si mwili.

## Hatua ya 4: Tazama mechi kamili, na mpira usiufuate

Video za vipande zinaonyesha kilichofanikiwa tu. Kijana anayepiga mitupo 20 na kuingiza mitano atakuwa na video tamu ya mitano. Kwa hiyo tafuta mechi tatu, na usizichague ovyo.

Ya kwanza itoke kwenye mizunguko ya kiangazi, mashindano ya timu za vijana yanayodhaminiwa na kampuni za viatu: EYBL ya Nike, 3SSB ya Adidas, au ile ya Under Armour. Fainali za EYBL, yaani Peach Jam, huchezwa mwezi wa Julai North Augusta, South Carolina, na hapo kijana anakutana na wenzake wa kiwango kilekile. Ya pili iwe ya shule yake dhidi ya shule nzito, za aina ya Montverde ya Florida au Oak Hill ya Virginia. Ya tatu iwe ile aliyocheza vibaya, timu imefungwa au yeye ametoka na pointi sita. Hii ya tatu usiiache. Kijana akikosa mitupo ndipo unapoona kazi yake nyingine ni ipi.

### Mzunguko wa kwanza wa kutazama: bila mpira

Robo nzima ya kwanza mfuate yeye peke yake, hata kama kamera inamtoa nje ya picha mara kwa mara. Andika: anarudi nyuma kwa mbio timu ikipoteza mpira, au anatembea? Magoti yamekunjwa anapokaba? Anamzuia mtu wake kwenye ribaundi, au anategemea kuruka? Anaongea na wenzake? Akinyimwa pasi mara tatu, anafanya nini ya nne?

Haya si maadili mema tu ya kumsifia mtoto. Mchezaji wa mwaka wa kwanza chuoni hupewa mpira mara chache. Akiwa hana faida bila mpira, kocha hana sababu ya kumwacha uwanjani.

### Mzunguko wa pili: vigawe vikapu vyake mafungu matatu

Sasa tazama kila kikapu alichofunga na ukiweke kwenye fungu moja kati ya haya.

Fungu la mwili: amemruka beki mfupi, amemsukuma, amemwacha kwa kasi tu. Fungu la ujuzi: mtupo wa mbali akiwa amekabwa, kubadilisha mwendo, mkono dhaifu, kumsoma beki wa pili anayekuja kusaidia. Fungu la wenzake: pasi safi, mpira wa kukimbia, mtupo akiwa peke yake.

Fungu la mwili ndilo litakalopungua sana chuoni, kwa sababu beki wa sentimita 185 aliyekuwa anarukwa atakuwa wa sentimita 198 mwenye miaka 21. Kijana wa pointi 24, ambazo 16 ni za mwili, sitamwekea matumaini makubwa ya mwaka wa kwanza. Kijana wa pointi 13, ambazo saba ni za ujuzi na nne zimetokana na kusimama mahali sahihi, huyo nitamfuatilia kwa makini. Mtu akikuuliza kwa nini unamweka juu mwenye pointi chache, mwonyeshe mafungu yako.

### Mzunguko wa tatu: kwa nafasi yake

Kwa gadi, subiri akabwe uwanja mzima na wawili wamvamie. Anainua kichwa na kuutoa mpira mapema, au anageuza mgongo na kuukumbatia? Hesabu mara ngapi anaenda kushoto kwa hiari yake. Gadi anayekwenda kulia tu atasomwa na wasaidizi wa kocha pinzani kwa video ya mechi moja.

Kwa wa pembeni, tazama miguu kabla mpira haujafika. Aliye tayari kutupa ana magoti yamekunjwa na mikono imeinuka pasi ikiwa bado hewani. Asiye tayari anapokea, anashusha mpira, anafikiri, na mtupo umekwisha kukabwa. Kwenye ulinzi, angalia kocha wake amempa amkabe nani. Anayefichwa kwa mpinzani dhaifu kila mechi anafichwa kwa sababu.

Kwa senta, tazama mikono kwanza: anazidaka pasi mbaya? Kisha tazama mruko wa pili, ule wa kuufuata mpira uliogonga chuma. Halafu hatari kubwa kuliko zote, yaani madhambi. Anayerukia kila danganya-toto sekondari atakuwa na madhambi mawili dakika ya sita chuoni, na atakaa. Mwisho, tazama skrini inapomlazimisha kutoka nje kumkabili gadi. Miguu ikigoma hapo, kila kocha kwenye ligi atampeleka nje kila mara.

Onyo. Mechi za nyota kama McDonald's All-American na Jordan Brand Classic zina raha, ila ulinzi ni mdogo mno kwa kazi hii. Nike Hoop Summit ya Portland ina afadhali, kwa sababu Marekani inacheza na timu ya dunia na pande zote zinataka kushinda. Na kudanki kusikuteke, kunakuambia kuhusu miguu tu.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutaja, bila kurudi kwenye video, vitu vitatu anavyofanya kila mechi hata asipofunga.

## Hatua ya 5: Namba, kwa mpangilio huu

Mtupo huru uutangulize. Mstari uko mita 4.57 kila ngazi, hakuna anayekaba, hakuna mwenzako wa kukusaidia. Kijana mwenye asilimia 82 ya mitupo huru na asilimia 31 ya pointi tatu, mimi namwamini atakuja kutupa. Mwenye asilimia 58 na asilimia 40 ya pointi tatu chache, simwamini bado. Lakini hakikisha mitupo huru yenyewe inafika kama mia moja. Kumi na tano haisemi kitu.

Kisha pointi tatu, huku ukikumbuka umbali. Mstari wa sekondari uko mita 6.02 na wa chuo mita 6.75. Kwenye video simamisha picha na uangalie nyayo: anatupa akigusa mstari au hatua nzima nyuma yake? Wa nyuma hatastushwa na chuo.

Ribaundi, bloku na kupokonya mpira husafiri vizuri kutoka ngazi hadi ngazi kuliko pointi. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, aliingia West Virginia mwaka 2019 na mara moja akakaribia ribaundi 10 kwa mechi. Akahamia Kentucky, na msimu wa 2021-22 akaongoza nchi kwa wastani wa zaidi ya 15 na kuwa mchezaji bora wa taifa. Kazi iliyomtambulisha sekondari ndiyo iliyomlisha chuoni.

Kwa gadi, weka pasi zilizozaa kikapu kando ya mipira aliyopoteza. Mbili kwa moja inatosha kuanzia.

Pointi ziweke mwisho. Mechi ya sekondari kwa kawaida ni dakika 32, majimbo mengine hayana saa ya mashambulizi (inayoilazimisha timu kutupa kabla muda haujaisha), na kijana anaweza kufunga 30 dhidi ya shule ambayo haina mtu hata mmoja atakayecheza chuo. Ukiwa na takwimu za kiangazi na za shule, za kiangazi zipe uzito zaidi.

## Hatua ya 6: Mjue kocha

Chukua misimu mitatu ya mwisho ya kocha huyo na uhesabu wachezaji wa mwaka wa kwanza waliozidi dakika 15 kwa mechi. Hilo tu. Maneno yake kwa waandishi wa habari yaache.

John Calipari katika miaka yake ya Kentucky, 2009 hadi 2024, aliwakabidhi wa mwaka wa kwanza timu nzima, na mwaka 2012 akachukua ubingwa akiwa na Anthony Davis. Kelvin Sampson wa Houston anadai ulinzi na ribaundi kwanza, na asiyekaba hachezi hata awe fundi wa kutupa. Kijana yuleyule angepata majibu mawili tofauti kwa makocha hawa. Ikiwa kocha ni mpya chuoni, fuata rekodi yake ya alikotoka.

Utajua umefanikiwa ukiweza kutaja mchezaji wa zamani wa kocha huyo aliyefanya kazi ambayo kijana wako anaitiwa.

## Hatua ya 7: Andika makadirio yako kabla ya mechi ya kwanza

Yaandike na uweke tarehe. Bila maandishi, kila mtu hukumbuka kwamba alijua tangu mwanzo. Karatasi yenyewe iwe fupi, kama hii ya gadi wa kubuni:

*Dakika: 8 hadi 14. Kazi: kupumzisha pointi gadi wa kwanza, kukaba mpira uwanja mzima. Atakachofanya tangu siku ya kwanza: kulinda na kupokonya. Kitakachomzuia: mkono wa kushoto, na mtupo wa asilimia 66 kwenye mstari wa mitupo huru. Akitengeneza kushoto: dakika 18. Wahamiaji wawili wakiwa wazima: dakika 8.*

Toa kiwango cha chini na cha juu, usitoe namba moja. Na usiandike "atakuwa kama fulani wa NBA". Ulinganisho wa aina hiyo unamvisha mtoto koti la mtu mwingine, halafu watu wanamlaumu kwamba halimtoshi.

Onyo, na hili nalisema kwa uzito wote. Makadirio haya ni yako na mashabiki wenzako. Usimwandikie kijana kwenye akaunti zake, hata kwa kumsifu, hata kwa kumshauri aje chuo chako. Sheria za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zinawazuia wafuasi wa chuo kushiriki katika kumshawishi chipukizi, lakini hata sheria isingekuwepo, huyu ni mtoto wa mtu. Yuko mbali na nyumbani, wengine mbali na bara lao, na simu yake imejaa watu wazima wanaomhesabia makosa. Mama yake naye anasoma jumbe hizo.

## Hatua ya 8: Kagua kwa wakati wake

Novemba usihukumu. Vyuo vikubwa huwaalika wapinzani wepesi mwanzoni mwa msimu, na kijana anaweza kufunga 18 mechi ikiwa imeshakwisha. Mwezi wa Desemba nao una mapumziko na mitihani.

Subiri mechi kama sita za ligi yake, ambazo hufika katikati ya Januari. Hapo chukua karatasi yako na utazame kitu kimoja kabla ya vyote: mechi ikiwa imebanana na zimebaki dakika tano, yuko uwanjani? Kocha anaweza kumwanzisha mtu ili kumpa moyo au kutimiza ahadi. Dakika tano za mwisho hampi mtu kwa hisani. Kijana wa wastani wa pointi nne anayemaliza mechi ngumu amekwisha kuaminiwa, na msimu wa pili dakika zake zitapanda.

Ikiwa umekosea, tafuta umekosea hatua ipi. Kama dakika zilikuwepo na mwili ulikuwepo lakini hachezi, rudia mechi mbili za karibuni na umtazame akikaba, kwa maana mara nyingi jibu lipo huko. Kama anacheza vizuri kuliko ulivyoandika, angalia kama kuna aliyeumia mbele yake kabla ya kubadilisha makadirio ya mwakani. Na akiwa bado benchi Machi, usimfute. Mtazame anaporudi Novemba ya pili: uzito aliokuja nao, asilimia ya mitupo huru, na kama sasa anakwenda kushoto.